Pikapu ya Mjomba Haivuki Nakuru

Kaptembwo, Nakuru
3 Agosti 2025

Mjomba Kipngetich,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe na wote wa boma lako, pamoja na ng'ombe, kwa sababu najua barua isiyowataja ng'ombe huirudia mara mbili ukitafuta walipoachwa. Mimi sijambo. Shule zinakaribia kufunguliwa, kwa hiyo mashine yangu ya kufuma sweta hailali. Mbugua naye yuko Kikopey anachoma nyama. Shati lake hunuka moshi hata likitoka kwenye kamba, lakini nimezoea.

Sasa sikia. Baba amekubali. Koito yangu itakuwa Jumamosi, tarehe sita Desemba, nyumbani kwake kule Solai. Watu wa Mbugua watakuja kuniposa mbele ya wazee, na wewe ndiwe ndugu wa marehemu mama. Usipokuwepo, nani atanipaka mafuta ya baraka? Wazee wamesema wazi kwamba bila mjomba hawafungui midomo.

Kiptum wa lori la maziwa ameniambia umenunua pikapu. Hongera sana, usafiri sasa si shida. Ningekupigia simu, lakini tangu simu yako izame kwenye mkebe wa maziwa na wewe ukasema ni ishara, sote tumerudi kwenye karatasi. Kiptum atakuletea hii kesho, au siku atakayokumbuka.

Viti na turubai tumeshaagiza. Sina jambo lingine.

Mtoto wako,
Jemutai


Keringet
24 Agosti 2025

Kwa Jemutai, mtoto wa dada yangu,

Salamu zako zimefika, na ng'ombe wamezipokea. Huku baridi inakata masikio. Viazi vimeoza shambani upande wa chini, ila vya upande wa juu vinaonekana kuwa na akili. Kanisani wanakuulizia.

Nimefurahi kuhusu koito. Huyo Mbugua simchukii, ingawa mtu anayeshinda akichoma mbuzi wa wenzake sijui ataanzaje kutuletea ng'ombe walio hai.

Kuhusu pikapu, si rahisi kama Kiptum anavyotangaza. Ni mpya katika usajili, na namba pleti zake za chuma hazijatoka. Kwa sasa ina namba ya muda, karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kijana wa yadi ya kuuzia magari aliniambia, "Mzee, hii ni ya mchana tu. Jua likiingia weka gari kando. Usitoke kwa barabara yenye imeandikwa, na usibebe watu." Barabara iliyoandikwa ni Nakuru hadi Keringet. Karatasi yenyewe inaisha baada ya muda, halafu Kiptum ananipelekea ile ya zamani yadi na kuniletea nyingine, kwa sababu gari ambalo karatasi yake imeisha haliruhusiwi kwenda kutafuta karatasi.

Mimi si mtu wa kuvunja sheria. Juzi nilipotoka kuja kukuona, ukungu ulinishika nilipopita Molo. Nikatazama juu, jua halipo. Nikaweka gari kando. Mwalimu mmoja akapita akaniuliza, "Mzee, imekwama?" Nikamwambia haijakwama, imetii. Nilikaa pale mpaka ukungu ukaondoka, na ulipoondoka jua nalo lilikuwa likizama. Wenyeji wakaniletea chai. Asubuhi nikageuza nikarudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau nilichotaka kukuambia.

Halafu kuna jambo jingine. Gari lisilo na namba yake ni kama mtoto ambaye hajapewa jina, na sisi hatumtoi mtoto wa namna hiyo mbele ya watu. Nitalishughulikia hilo.

Kiptum anasema huko Solai kuna mtu atakayekalia kiti fulani siku hiyo. Lisemwalo lipo. Wewe hukuandika.

Ni mimi mjomba wako,
Kipngetich


Kaptembwo
14 Septemba 2025

Mjomba,

Salamu tele kutoka huku kwenye vumbi. Nilikuwa na mafua, yamepona. Nimemaliza sweta za shule mbili na sasa naota rangi ya samawati.

Mjomba, ukungu si usiku. Nilimsimulia Mbugua habari ya Molo akacheka mpaka akaunguza mbavu za mteja. Akasema nikuulize, mtu akivaa miwani ya jua mchana, aegeshe pia? Msamehe, ana utani, lakini roho yake ni safi.

Kama pikapu inakutesa, iache hapo nyumbani upande gari la abiria. Wengine wote watakuja hivyo, na hakuna atakayekucheka. Mimi nataka mjomba wangu, sitaki magurudumu.

Kuhusu viti, tumeagiza vya plastiki vyeupe, na vile vya wakubwa vitakuwa na vitambaa. Baba hajambo. Mvua imenyesha Solai.

Wako,
Jemutai


Keringet
5 Oktoba 2025

Jemutai,

Nimepokea barua yenye habari nyingi za viti isiyosema nani atakaa. Sawa. Mwenda pole hajikwai. Ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Nimelipa gari jina. Ninakuandikia yalivyokuwa ili usiyasikie kwa Kiptum, ambaye huongeza chumvi hata kwenye maziwa.

Unajua desturi yetu ya kurenet. Mtoto akizaliwa, bibi wazee humzunguka wakataja majina ya waliotangulia, na jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Nikawaita bibi wazee watatu alfajiri yenye baridi. Wawili walikataa wakisema nimerukwa na akili, lakini waliposikia kuna maziwa ya mursik walikaa. Wao wakawa wanataja, na mimi kila jina likitajwa nazungusha ufunguo.

Kwa jina la babu yako pikapu ilikohoa tu, na kukohoa si chafya. Kwa jina la baba yake babu ikanyamaza kabisa. Tukapita kwa wanaume wote wa ukoo, hata yule aliyekuwa mwizi wa mizinga ya asali, tukijaribu bahati. Kimya. Mimi nilidhani ni dume. Ndipo bibi mmoja akasema, hebu tujaribu wanawake. Akataja jina moja tu, na pikapu ikapiga chafya kubwa nyuma, moshi mweusi ukatoka, kuku wakakimbia, kisha ikaunguruma vizuri kama haijawahi kugoma. Bibi wote watatu wakainuka wakaisalimia.

Jina hilo sitaliandika. Tangu asubuhi ile sijaitwika viazi wala sijaipigia kelele.

Sitakuja Solai kwa gari jingine. Kama itaweza kuja, tutakuja wawili.

Kipngetich


Kaptembwo
26 Oktoba 2025

Mjomba mpendwa,

Leo salamu hazikuwa kichwani mwangu, lakini nakusalimu. Wote ni wazima. Mashine imevunjika sindano na mimi nimevunjika moyo, basi tumekaa tunatazamana.

Nitasema, kwa sababu wewe unalijua tayari na ni mimi tu ninayezunguka mbuyu. Baba anataka mama mdogo Chepkirui akalie kiti cha mama siku ya koito. Anasema kiti hakiwezi kukaa wazi mbele ya wageni, wataona ni kama tumeficha maiti. Nilimwambia mama ana kiti chake, hata kama hayupo. Akaniambia nisilete maneno ya vitabu. Tangu siku hiyo tunaongea habari za turubai tu.

Chepkirui si mtu mbaya. Tangu aolewe hajaniambia neno la kuniumiza. Lakini pia hajaniambia neno jingine lolote, huniangalia kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake na hajui aketi wapi. Mimi humwita "wewe". Nimekasirika, na sijui namkasirikia nani. Nikifikiria wazee wakiuliza kama mama wa msichana amekubali, halafu ajibu mtu mwingine, natamani kuvirudisha viti vyote tulivyoagiza.

Nilimwambia Baba kwamba hutakuja bila pikapu, na kwamba ina jina. Akasema, "Mimi nilioa kwa watu, sikuoa kwa yadi."

Niandikie hilo jina, Mjomba. Nafikiri nalijua, lakini nataka kuliona kwa mwandiko wako.

Jemutai


Keringet
16 Novemba 2025

Mtoto wangu Jemutai,

Cheptanui.

Ndilo hilo. Mama yako. Sasa umeliona. Nilipolisikia likitajwa na nikaona moshi ule, nililia mbele ya bibi wale na sikujificha. Unajua alivyokuwa akipiga chafya, kelele kuliko mwili wake. Wanaosema ni baridi ya asubuhi na mafuta mabaya waseme. Hao ndio wasemao hata mvua ni maji tu.

Salamu zifuate nyuma leo. Wote wazima.

Sasa shida ni hii. Karatasi inasema Nakuru. Solai iko mbele ya Nakuru. Nilimwendea askari wa trafiki pale kwenye kizuizi nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba natakiwa kufika kwenye koito, na kwamba gari hili ni dada yangu. Akasoma karatasi, akanitazama, akaisoma tena. Akasema, "Mzee, dada yako anaishia Nakuru." Nikamuuliza Nakuru inaishia wapi. Akasema hapo sasa nisimletee shida, yeye ni wa hapa Molo.

Nimefikiri usiku na mchana. Sitavunja sheria nikiwa na yeye, maana alikuwa mtu wa kanisa. Lakini Kaptembwo iko Nakuru, tena iko upande huu wa kuingilia. Mpaka kwenye ploti yako naweza kufika bila kumkosea mtu. Nitaondoka hapa jua likichomoza tarehe sita na nitaegesha hapo. Mama yako atakuwa hapo. Mimi nitakuwa hapo. Ninyi wa Solai amueni.

Mafuta ya baraka ninayo tayari.

Kipngetich


Kaptembwo
27 Novemba 2025

Mjomba,

Naandika haraka, Kiptum ananipigia honi huko nje.

Koito imehamia hapa. Ndiyo, hapa kwenye ploti, kati ya choo na kamba za nguo. Niliipeleka barua yako Solai, na Baba alipoisoma alivua kofia akaitupa uwanjani, akasema tangu lini binti wa mtu akaposwa kwenye nyumba za kupanga kwa sababu ya karatasi ya gari. Akasema afadhali aahirishe mpaka pleti zitoke, hata kama ni mwaka ujao. Nikarudi Kaptembwo nikijua amemaliza.

Jioni Chepkirui akaiokota ile kofia, akaipangusa vumbi, akamwekea kwenye goti. Ndugu yangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Akamwambia Baba, "Si wewe mwenyewe unasema kiti kisikae wazi? Basi twendeni mahali mwenyewe atafika." Asubuhi akauliza kama turubai litatosha Kaptembwo.

Mama Wariara, mwenye ploti, amekubali. Ameuliza tu, "Hiyo gari inakuja kama mgeni ama kama gari?" Nikamwambia kama mgeni. Akasema basi afadhali, kwa sababu gari hulipa.

Njoo, Mjomba. Omba kusiwe na ukungu.

Jemutai


Keringet
9 Desemba 2025

Kwa Jemutai, ambaye sasa ni mke wa mtu au karibu,

Amani iwe nawe na huyo Mbugua. Tumefika salama. Najua niliondoka kabla nyama haijaisha na watu wakaona ni maringo, lakini jua lilikuwa limeinama, na hata hivyo lilituacha Elburgon. Tulilala hapo, mimi na yeye, tukafika asubuhi.

Watu wa Mbugua ni wastaarabu kuliko nilivyotarajia. Yule mzee wao aliyeizunguka pikapu mara mbili kabla ya kuketi, mwambie nilipenda alivyoigusa boneti kwa mkono wote badala ya kidole. Ng'ombe walioahidi ni wazuri kwa maneno, tutawaona kwa miguu.

Sasa nina neno kuhusu Chepkirui. Ulimwona mwenyewe. Viti vyote vilipokaliwa, alikuja kwenye pikapu, akasimama mlangoni akaisalimia kwa jina, "Cheptanui, chamgei," kisha akaniomba akae ndani, kiti cha kando. Nikamwambia karatasi inakataza abiria. Akasema, "Mzee, gari haiendi mahali. Mtu akikaa kwa gari imesimama si abiria, ni mgeni." Nikamfungulia mlango. Hata hivyo sikupenda.

Halafu mzee wa wakwe akauliza, "Na mama wa msichana, amekubali?" Baba yako akafungua mdomo akaufunga. Mimi nilikuwa nimesimama nimeinamisha kichwa, macho yamejaa machozi. Ndipo honi ikalia. Jemutai, ililia yenyewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, niliushika palepale kuhakikisha. Ililia kwa muda mrefu, na watoto wote wa Kaptembwo wakaja kuona. Mama yako alijibu, mbele ya wazee wa pande mbili. Nitalisimulia hili mpaka nife.

Kwa hiyo mwambie baba yako, kwa heshima, kwamba huyo mwanamke asikae tena mle. Kiti kina mwenyewe na mwenyewe amesema.

Pleti za chuma zilitoka jana. Kiptum amezileta zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Bado sijazifunga. Nikitoa ile karatasi nahisi nitakuwa namvua nguo.

Mjomba wako,
Kipngetich


Kaptembwo
21 Desemba 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Krismasi njema kwako na kwa ng'ombe, hasa yule ndama jike. Mbugua anakusalimu. Ameshanunua ng'ombe wa kwanza, ni mweusi, na anamwogopa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na nilitaka niiache hivyo. Lakini umeandika asikae tena mle, kwa hiyo lazima nikuambie, na nakuomba usimwambie mtu, hasa Kiptum.

Siku ile nilikuwa nimewekwa mbele ya pikapu, nikiitazama. Wewe ulikuwa umeinama. Baba alikuwa akitazama viatu vyake. Watu wote walikuwa wakimtazama mzee aliyeuliza. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikitazama kioo. Mjomba, niliuona mkono. Niliuona mkono wa kulia wa Chepkirui ukitoka kwenye paja lake, polepole, ukapita juu ya gia, ukafika kwenye usukani. Alibonyeza, akashikilia. Kisha akaurudisha mkono mahali pake na akashtuka kama wengine. Mbugua ananiambia honi za magari mengi hulia hata bila ufunguo. Sikumwuliza amejuaje ninachowaza.

Macho yetu yalikutana pale kwenye kioo, juu ya ile karatasi yako. Alitikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa akinisihi nisiseme.

Angeweza kujibu kwa mdomo wake. Baba alimpa ruhusa, wazee wangekubali, nami nisingemsamehe mpaka leo. Badala yake alitafuta njia ya kumwachia mama ajibu. Kwa hiyo usinielewe vibaya, sisemi kwamba ulichosikia si kweli. Mama alijibu, Mjomba. Alitumia mkono uliokuwa karibu.

Funga pleti. Ukishazifunga, uje Solai, mje wawili, na ukiwa njiani jua likizama uendelee tu. Na siku ukifika umwachie Chepkirui akae mle kadiri anavyotaka.

Ulipoondoka siku ile tulibaki kuosha vyombo, mimi na yeye, tumeinamia beseni moja. Hakunitazama. Vikombe vilikuwa vingi. Mwishowe nikanyoosha mkono na kikombe kilichokuwa na povu nikamwambia, "Mama, nipokee hiki." Kikombe kilikaa hewani kidogo. Halafu akakipokea.

Mtoto wako,
Jemutai